Stevin: Karani aliyerahisisha hesabu za sokoni

SIMON Stevin alizaliwa mwaka wa 1548 mjini Bruges, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Kabla ya kusifika kwa hisabati, alikuwa karani wa hesabu za fedha, wakati ambapo wafanyabiashara na wapimaji ardhi walitaabika mno kujumlisha thuluthi, robo na humusi.

Mnamo 1585, akiishi Leiden, Uholanzi, alichapisha kijitabu kiitwacho De Thiende, yaani Sehemu ya Kumi. Humo alionyesha kuwa tarakimu hupata thamani kutokana na mahali ilipokaa. Tano inayofuata nambari nzima ni sehemu tano za kumi. Ikisogea nafasi moja kulia, huwa tano za mia. Kwa njia hiyo, sehemu hujumlishwa sawa na nambari nzima.

Hakuwa wa kwanza, kwani al-Kashi wa Samarkand alikuwa ameieleza njia hiyo mnamo 1427. Wala hakutumia nukta, bali vijiduara vyenye nambari. Hata hivyo, ndiye aliyeieneza Ulaya, akipendekeza sarafu na vipimo navyo vigawanywe kwa kumi.

Alifariki mnamo 1620 bila kuyaona hayo. Marekani ilipitisha sheria ya sarafu za namna hiyo mnamo 1792, nayo Ufaransa ikaidhinisha vipimo vya mita mnamo 1795.