Abebe Bikila: Bingwa wa pekupeku aliyejengwa na jasho

USIKU wa Septemba 10, 1960, askari mwembamba kutoka Ethiopia aliwaacha wenzake katika barabara za Roma na kushinda marathoni ya Olimpiki akikimbia pekupeku. Alitumia saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda uliokuwa rekodi mpya ya dunia. Wengi waliofuatilia mbio hizo hawakuwa wamewahi kulisikia jina lake. Ndiyo maana hadi leo Abebe Bikila husimuliwa kama mtu aliyeibuka ghafla, akabebwa na kipawa cha kuzaliwa hadi kwenye nishani ya dhahabu.

Masimulizi hayo yanavutia, lakini yanaacha nje sehemu kubwa ya maisha yake.

Bikila alizaliwa Agosti 7, 1932, katika kijiji cha Jato, nyanda za juu za Ethiopia, akiwa mwana wa mfugaji. Alipokuwa kijana alielekea Addis Ababa na kujiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko aliangukia mikononi mwa Onni Niskanen, kocha kutoka Uswidi aliyeamini kwamba kipawa kisichonolewa hakikati. Chini ya uangalizi wake, askari huyo alifanya mazoezi ya masafa na ya kasi katika mji ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na pumzi ni haba. Kabla ya kwenda Roma, tayari alikuwa amekimbia marathoni nchini mwake kwa takriban saa 2 na dakika 21.

Hata kukimbia pekupeku hakukuwa kubahatisha. Viatu alivyopata havikumkaa vyema, na nyayo zake zilikuwa zimezoea mazoezi bila viatu. Isitoshe, yeye na kocha wake walikuwa wameikagua njia mapema na kuchagua mahali pa kuongeza kasi: karibu na mnara wa Axum, ambao utawala wa Mussolini uliunyakua Ethiopia na kuusimamisha Roma mnamo 1937. Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco, aliyekuwa bega kwa bega naye, alimaliza sekunde 25 nyuma yake.

Mwaka wa 1964, wiki chache kabla ya marathoni ya Tokyo, Bikila alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Wengi walidhani safari yake imekatizwa. Alirejelea mazoezi mara tu alipopata nafuu, akashinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, safari hii akiwa amevaa viatu. Aliyemfuata alifika zaidi ya dakika nne baadaye, na kumkuta bingwa amekwisha kunyoosha viungo uwanjani.

Juhudi, hata hivyo, hazimkingi mtu na kila balaa. Katika michezo ya Mexico ya 1968, jeraha la mguu lilimlazimu kujiondoa baada ya kilomita 17 hivi. Mwaka uliofuata, ajali ya gari ilimwacha amepooza miguu. Alipelekwa Uingereza kwa matibabu, na huko, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, alijifunza kulenga shabaha kwa upinde na mshale na kushiriki mashindano ya walemavu. Alifariki Oktoba 25, 1973, akiwa na umri wa miaka 41.

Hadi kufikia michezo ya Paris ya 2024, ni wanaume wawili tu waliokuwa wamefikia ufanisi wake wa kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili: Waldemar Cierpinski wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki, na Mkenya Eliud Kipchoge. Kijana anayetamani kuingia katika orodha hiyo fupi anafaa kukumbuka kuwa ulimwengu ulimtazama Bikila kwa saa mbili na robo pekee. Miaka ya mazoezi iliyotangulia haikuwa na mashabiki wa kumshangilia.