Niels Stensen na Meno ya Papa

Niels Stensen alizaliwa mwaka 1638 katika mji wa Copenhagen, nchi ya Denmark, kaskazini ya Ulaya. Vitabu vingi humwita Steno, kwa sababu siku zile wenye elimu waliandika Kilatini, na majina yao pia waliyageuza kuwa ya Kilatini. Baba yake alikuwa mfua dhahabu. Alipokuwa mtoto wa miaka mitatu Niels alipatwa na ugonjwa, akakaa ndani miaka mitatu mingine asiweze kucheza na wenzake. Akazoea kukaa karibu na wazee na kusikiliza maneno yao. Kisha baba yake akafa. Baadaye tauni iliingia mjini, na wanafunzi wengi wa shule yake wakafa. Niels alipona.

Alipokua alisoma uganga. Mwaka 1660 alikwenda Uholanzi kuendelea na masomo. Siku moja alinunua kichwa cha kondoo ili akipasue na kuona mambo ya ndani. Akatia chuma chembamba katika mrija mdogo wa shavuni, mara akasikia chuma kinagonga meno! Alikuwa ameuona mrija unaopeleka mate kinywani. Akatafuta habari zake vitabuni, asizione. Alipomwambia mwalimu aliyekaa kwake, yule alimjibu kwamba ameharibu nyama yeye mwenyewe kwa kutumia nguvu. Lakini baadaye mwalimu huyo huyo alidai kwamba yeye ndiye aliyeuona mrija wa kwanza! Maneno yakawa makali, na kijana Niels akaitwa mwongo na mwizi. Yeye alikuwa amekwenda katika chuo cha Leiden, akawaonyesha waalimu wakubwa mrija ule, nao wakauona kwa macho yao. Mpaka leo waganga wanauita kwa jina lake.

Tangu hapo hakuamini upesi mambo kwa kuwa tu yameandikwa. Wakubwa walifundisha kwamba moyo ni kitu cha ajabu, chanzo cha joto la mwili. Niels akachukua moyo wa ng'ombe, akaupika katika maji, akauchambua taratibu. Akaona kwamba moyo umefanywa kwa nyama ile ile ya mikono na miguu, yaani nyama yenye kujikaza na kulegea. Hakuna zaidi.

Mwaka 1666 alifika katika mji wa Florence, nchi ya Italia, akapokelewa vizuri na mtawala wa Toscana, Ferdinando de' Medici. Katika mwezi wa Oktoba mwaka ule, wavuvi walimkamata papa mkubwa sana karibu na mji wa Livorno. Papa ni samaki wa baharini, mkali kama mamba wa mito yetu, na meno yake yamepangwa safu nyuma ya safu. Mtawala akaamuru kichwa kiletwe Florence, Niels akipasue.

Niels akapasua kama desturi yake. Akatazama macho, ngozi, na ubongo, ambao ulikuwa mdogo mno kwa mnyama mkubwa namna ile. Alipofika kwenye meno akasimama. Meno yale alikuwa ameyaona mahali pengine, tena yakiwa mawe.

Watu wa Ulaya walikuwa wakiokota katika nchi kavu, hasa kisiwani Malta, mawe ya pembe tatu, laini na makali kandokando. Waliyaita mawe ya ulimi, wakayavaa shingoni kama kinga ya sumu. Yalitoka wapi? Wengine walisema yanaanguka kutoka mbinguni usiku wa kupatwa kwa mwezi. Wengine walisema Mtakatifu Paulo, alipoumwa na nyoka kule Malta, aliwalaani nyoka wote wa kisiwa, na ndimi zao zikageuka kuwa mawe. Na wengi wa wenye elimu walisema yanaota yenyewe ardhini, kama viazi shambani. Mtu mmoja wa Italia, Fabio Colonna, alikuwa amesema tangu mwaka 1616 kwamba mawe yale ni meno ya papa, lakini wengi hawakumsikiliza. Papa angefikaje mlimani?

Niels hakutosheka kusema kwamba vitu viwili vinafanana. Maembe mawili yanafanana, lakini hilo halionyeshi kwamba yametoka katika mti mmoja. Basi akayachukua maneno ya wale waliosema kwamba mawe yanaota, akajiuliza: ikiwa ni kweli, tutaona nini? Mzizi wa mti unaoingia katika ukuta hupasua ukuta. Nao mzizi ukibanwa na mawe hupindika. Basi jiwe la ulimi, kama lilikua ndani ya mwamba mgumu, lingepasua mwamba, ama lenyewe lingepindika. Akayatazama mengi. Yote yalikuwa na umbo lao kamili, na mwamba haukupasuka. Tena, mawe yanayoota yangezidi kuwa mazima na makubwa, lakini mengine aliyaona yameliwa na kuoza, yanavunjika upesi. Vitu vile vilikuwa vikiharibika, havikuwa vikikua.

Ilibaki njia moja. Meno yalikuwapo kwanza, na kile ambacho sasa ni mwamba kilikuwa matope laini yaliyoyafunika chini ya maji. Baadaye matope yakakauka na kuwa magumu. Nayo meno yakabadilika kidogo kidogo, umbo likabaki.

Mwaka 1667 aliandika habari hizo. Wala hakujisifu. Aliziweka kama mtu anayeleta neno lake mbele ya baraza, akangoja apate mashahidi wengine.

Mashahidi hao alikwenda kuwatafuta kwa miguu. Alizunguka katika milima ya Toscana, akaingia mapangoni na katika machimbo ya mawe. Kila mahali aliona miamba imelala tabaka juu ya tabaka. Wewe pia, ukitazama ukingo wa mto uliokatwa na maji, utaona udongo mwekundu, chini yake mchanga, chini tena changarawe. Watu wote walikuwa wameona hivyo tangu zamani. Niels aliuliza tabaka lipi lilitangulia.

Alijibu kwa jambo ambalo mtoto anaweza kujaribu kwa chupa ya maji machafu. Matope yanazama na kutua chini. Wakati tabaka la chini lilipokuwa likitua, juu yake palikuwa maji tu. Basi la chini ni la zamani kuliko la juu. Tena matope hutua sawasawa kama maji yenyewe yanavyolala. Basi tukiona matabaka yameinama, hayakutua hivyo, yaliinamishwa baadaye. Tena matope huenea mpaka yakutane na kizuizi. Basi tukiona tabaka moja upande huu wa bonde na lingine la namna ile ile upande wa pili, zamani yalikuwa moja, na bonde lilikuja nyuma. Na kitu kinachokata matabaka ni kipya kuliko matabaka kinayoyakata.

Kwa kanuni hizo akaisoma nchi ya Toscana kama mtu anayesoma kitabu kutoka mwisho hadi mwanzo. Akaona kwamba bahari ilikuwa imeifunika nchi ile mara mbili, na mara mbili ardhi iliporomoka na kuacha mabonde. Mwaka 1669 alitoa kitabu kidogo juu ya vitu vigumu vilivyofungwa ndani ya vitu vigumu vingine. Humo alionyesha pia kwamba mawe yanayong'aa kama kioo, hata yakiwa makubwa au madogo, pembe zake hazibadiliki. Aliahidi kitabu kikubwa, lakini hakukiandika kamwe.

Si kwamba hakukosea. Karibu na mji wa Arezzo watu walichimbua mifupa mikubwa sana. Niels alidhani ni mifupa ya tembo wa Hannibal, jemadari wa Afrika aliyepita Italia kwa vita miaka zaidi ya 200 kabla ya Kristu. Alidhani pia kwamba mambo yote aliyoyasoma katika mawe yalitendeka katika miaka elfu chache. Waliomfuata walichukua kanuni zake zile zile, wakahesabu matabaka, wakaona kwamba miaka hiyo haitoshi hata kidogo. Siku hizi tunajua kwamba dunia ina umri wa miaka milioni 4,540 hivi, na kwamba tembo wa Arezzo walikufa muda mrefu sana kabla ya Hannibal.

Niels alikuwa amezaliwa katika dini ya Luther. Mwaka 1667 aliingia katika Kanisa Katoliki, mwaka 1675 akawa padri, na mwaka 1677 akawekwa askofu, akatumwa kaskazini ya Ujerumani. Hapo aliacha kazi ya kuchunguza mawe. Wengi wa rafiki zake wenye elimu walisikitika. Aliishi maisha ya umaskini. Mali yake aliwapa maskini, hata pete yake ya askofu aliiuza. Alifunga sana, mwili ukadhoofika. Akafa katika mji wa Schwerin mwaka 1686, umri wake miaka 48.

Mwili wake ulirudishwa Florence, ukazikwa katika kanisa la Mtakatifu Lorenzo. Mwaka 1881 wachunguzi wa miamba kutoka nchi nyingi walikutana katika mji wa Bologna, na baadhi yao wakaenda Florence kuheshimu kaburi lake. Mwaka 1988 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri.