Livingstone na matetemeko ya ardhi ya Maniema

Karibu miaka 100 kabla ya wataalamu kueleza sababu yake, Wamanyema walikwisha kumwambia David Livingstone kwamba matetemeko ya ardhi kwao hutoka upande wa mashariki.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Scotland, katika familia maskini. Akiwa na miaka 10 alikuwa tayari anafanya kazi kiwandani, kwenye pamba. Alisoma usiku, akawa daktari na mmisionari, na mwaka 1841 akafika Afrika Kusini. Safari zake za Zambezi na maporomoko ya Mosi-oa-Tunya zinajulikana sana. Ile ya mwisho ndiyo iliyomfikisha Maniema.

Alikuwa anatafuta chanzo cha mto Nile. Julai 1869 aliondoka Ujiji na kuvuka ziwa Tanganyika na msafara wa Mohamad Bogharib, na tarehe 21 Septemba akaingia Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre. Hakukusudia kukaa. Lakini mwaka 1870 alipotaka kuendelea hadi Lualaba, watu wake walikataa. Walibaki Chuma, Susi na Gardner tu. Vidonda vya miguu vikamrudisha Kabambare, akalala humo miezi, hawezi kutembea. Karatasi zilipomwishia aliandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa mimea. Biblia aliisoma yote mara nne akiwa Maniema.

Mgonjwa aliyelala hivyo hana kazi zaidi ya kusikiliza. Wenyeji walimweleza kwamba wanayajua vizuri matetemeko ya ardhi, kwamba yanaonekana kutoka mashariki kwenda magharibi, na kwamba yanapopita vyungu vinagongana na kuku wanapiga kelele. Livingstone aliandika hayo kwa maneno machache tu, akaenda kwenye habari nyingine. Angeongeza nini? Wakati ule hakuna aliyejua kwamba gamba la dunia limegawanyika vipande vikubwa, yaani mabamba, na kwamba vinatembea. Mjerumani Alfred Wegener alisema mwaka 1912 kwamba mabara yanatembea, wengi wakampinga. Sayansi ilikubali katika miaka ya 1960, yeye akiwa amekwisha kufa.

Kule Japani, Chile na Indonesia mabamba mawili yanasukumana, na moja linazama chini ya jingine. Huko ndiko hutoka matetemeko makubwa kuliko yote, kama lile la Chile la mwaka 1960, lenye ukubwa wa 9.5. Upande wa Maniema mambo ni kinyume. Hapa Afrika inapasuka, milimita chache kila mwaka, na ufa huo ndio uliojaa maji ya ziwa Tanganyika, kama kilomita 150 mashariki ya Kabambare. Kwa hiyo wenyeji walikuwa wameonyesha upande wenyewe.

Nguvu ya ufa huu haifikii ile ya Chile, lakini si ya kudharau. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la 6.8 lilitoka chini ya ziwa. Huko Kalemie nyumba zilianguka na watu wakafa. Chungu kikigongana na kingine ni kelele tu; ukuta wa matofali usio na chuma ndani ukipasuka usiku, watu wamelala chini yake.

Livingstone aliondoka Kabambare Februari 1871. Huko Nyangwe, tarehe 15 Julai, aliona watu wa wafanyabiashara wakipiga risasi sokoni na kuua wanawake wengi. Hakutaka tena kuendelea nao. Alirudi Ujiji amechoka kabisa, na huko Stanley akamkuta. Hadi mwisho alidhani Lualaba inaweza kuwa Nile, kumbe ni mto Kongo. Alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Chuma na Susi, walewale wa Kabambare, pamoja na wenzao, walibeba mwili wake na daftari zake hadi pwani. Daftari hizo zilichapishwa mwaka 1874, na habari ya vyungu na kuku imo.