Henry Ford na Motakaa ya Watu Wengi

Ukiwauliza wanafunzi wa darasa za chini ni nani aliyebuni motakaa, wengi watajibu kuwa ni Henry Ford. Jibu hilo si sahihi. Mjerumani Carl Benz alipata hati ya gari lake la petroli mwaka 1886, miaka kumi kabla Ford hajaunda lake la kwanza. Basi kwa nini jina la Ford limekaa vinywani mwa watu hata leo? Niliyasoma maisha yake ili nipate jibu, na naona jibu hilo linatuhusu sana sisi tunaosoma hapa Kampala.

Henry Ford alizaliwa tarehe 30 Julai 1863 katika shamba karibu na Detroit, jimbo la Michigan, Marekani. Baba yake alikuwa mkulima aliyetoka Ireland, naye alitumaini kuwa mwanawe atashika jembe baada yake. Lakini mtoto huyu alipenda zaidi kufungua saa na kuzifunga tena. Mwaka 1876 mama yake alifariki, na mwaka huohuo kijana aliona njiani mtambo wa mvuke ukijiendesha bila farasi. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 16, aliliacha shamba akaenda Detroit kujifunza ufundi wa mashine. Chuo kikuu hakukiona. Mwalimu wake alikuwa kazi.

Mwaka 1891 aliajiriwa na kampuni ya umeme ya Edison mjini humo, na baada ya miaka miwili akawa injinia mkuu. Usiku, kazi ikiisha, alikuwa akiunda gari katika kibanda nyuma ya nyumba, na mkewe Clara akimtia moyo. Likawa tayari alfajiri ya tarehe 4 Juni 1896. Lilikuwa na magurudumu manne kama ya baiskeli, na usukani wake ulikuwa fimbo tu, kama ya mashua. Kumbe mlango wa kibanda ulikuwa mwembamba kuliko gari! Ford akashika shoka, akavunja matofali ya ukuta, akalitoa nje.

Msidhani kuwa tangu siku hiyo alitajirika. Kampuni yake ya kwanza, iliyoanzishwa mwaka 1899, ilikufa mapema mwaka 1901. Ya pili aliiacha mwaka 1902 baada ya kutopatana na wenye fedha. Hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa Cadillac. Ya tatu, Ford Motor Company, iliandikishwa tarehe 16 Juni 1903, naye alikuwa karibu kutimiza miaka 40.

Siku zile motakaa ilikuwa kitu cha matajiri. Ford aliazimia kuunda gari moja jepesi, gumu, ambalo mkulima angeweza kulinunua na kulitengeneza mwenyewe. Mwaka 1908 likatokea Model T. Lilikuwa na nguvu za farasi 20. Dereva alizungusha hendeli mbele ya injini ili kuliwasha, na asipoangalia hendeli ingeweza kumvunja mkono. Petroli ilishuka yenyewe kutoka tangi lililokuwa chini ya kiti. Kwa hiyo tangi likiwa na petroli kidogo, gari halikuweza kupanda mlima mkali ila kwa kurudi kinyumenyume. Fikirini dereva akipanda kilima cha Namirembe kwa namna hiyo! Hata hivyo gari hili lilistahimili njia mbovu. Katika vita vya 1914 hadi 1918 jeshi la Waingereza lilitumia magari ya Ford hapa Afrika Mashariki.

Kazi kubwa ya Ford ilionekana mwaka 1913. Katika machinjio ya Chicago, nyama zilitundikwa na kupitishwa mbele ya wachinjaji, kila mmoja akikata sehemu yake. Ford na mafundi wake waligeuza desturi hiyo: gari likavutwa mbele ya wafanyakazi waliosimama, kila mmoja akitia kitu kimoja tu. Kuunganisha gari, kazi iliyochukua saa 12 na nusu, kukawa kazi ya dakika 93. Bei ikashuka. Gari la bei ya chini mwaka 1908 liliuzwa dola 825. Kufikia mwaka 1925 lilikuwa dola 260.

Lakini kurudia tendo moja mchana kutwa kulichosha, na watu wengi waliacha kazi. Mwezi wa Januari 1914 Ford akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya ule wa awali, na saa za kazi zikawa 8. Hivyo mwenye kuunda gari naye akaweza kutumaini kulinunua.

Sasa sina budi kueleza upande wa pili, maana kumsifu mtu kwa uongo si kumheshimu. Tangu mwaka 1920 gazeti lake lilichapisha maneno ya chuki juu ya Wayahudi, naye akaomba radhi mwaka 1927, madhara yakiwa yamekwisha kuenea. Mwaka 1937 walinzi wake waliwapiga viongozi wa chama cha wafanyakazi mbele ya kiwanda. Tena alikuwa mkaidi. Watu walipotaka magari mapya, yeye aling'ang'ania Model T hadi wenzake wakampita. Aliacha kuliunda mwaka 1927, baada ya magari zaidi ya milioni 15.

Ford alifariki usiku wa tarehe 7 Aprili 1947. Mafuriko ya mto yalikuwa yamekata umeme, na injinia huyo wa umeme wa zamani akafa kwa mwanga wa mishumaa na taa za mafuta.

Magari yake hayakufa yote. Lile la mwaka 1896 aliliuza dola 200, kisha akalinunua tena. Sasa limo katika jumba la makumbusho Dearborn. Model T nyingi zingali zikitembea, kwa sababu ziliundwa ili fundi wa kijijini aweze kuzifungua.

Ndugu zangu, mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Makerere waliendesha Kiira EV, gari la umeme walilolibuni wenyewe, na kiwanda cha magari kikajengwa Jinja. Nawapongeza. Ila Ford alihitaji miaka 12 kutoka gari la kibandani mpaka gari la watu wengi. Nasi bado tunamcheka mvulana anayesema atakuwa fundi, kwa kuwa wote tunataka meza na tai. Nawaomba wadogo zangu waache kicheko hicho, na ninyi wanafunzi wa zamani mlio na karakana, mtufungulie milango yenu wakati wa likizo. Gari moja huundwa na mtu hodari. Magari elfu huhitaji mikono mingi isiyoogopa grisi.