Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Yatima Aliyesomeshwa, Naye Akasomesha

Sheikh Al-Amin bin Ali bin Abdallah Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Mombasa mwaka 1308 wa Hijra, sawa na mwaka 1891. Ukoo wake ni ule wa Wamazrui waliotawala Mombasa mpaka mwaka 1837. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa wa mji ule, lakini alifariki mwaka 1894, na mwanawe hajatimia miaka minne. Basi mtoto hakudiriki kusoma kwa baba yake. Aliachiwa jina kubwa, na jina peke yake halinunui kitabu wala halimlishi mwenye njaa.

Aliyesimama mahali pa baba ni jamaa yake, Sheikh Sulaiman bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Huyu alimlea yatima yule na kumsomesha, kisha akamwoza binti yake. Lau kama jamaa wangaliona kwamba mzigo wa mtoto umekwisha kwa kufa baba yake, Afrika ya Mashariki isingalimpata mwanachuoni huyu.

Alipokuwa kijana alisoma pia kwa wanavyuoni wawili wakubwa wa Unguja: Sayyid Ahmad bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija, na Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Kusoma ugenini kuna gharama zake: nauli, malazi, chakula na vitabu. Kijana aliyekwisha kubaleghe ana nguvu za kuvuta nyavu na kuchukua mizigo, na kila siku anayokaa mbele ya mwalimu ni siku asiyoleta kitu nyumbani. Hapa ndipo wengi hukatwa njiani, si kwa uzito wa akili bali kwa kukosa mtu wa kuwashika mkono.

Madhehebu ya Imamu Shafi, aliyoyasoma Sheikh Al-Amin na yanayofuatwa pwani hii mpaka Ibo na Angoche, hayakuliacha jambo hili gizani. Imamu Nawawi amebainisha kwamba ujira wa kumfundisha mtoto yaliyo faradhi hutoka katika mali ya mtoto mwenyewe akiwa nayo. Asipokuwa nayo, ni juu ya yule aliyelazimika kumlisha. Tena amebainisha kwamba mwenye kushughulika na elimu ya dini, ambaye kazi ya kuchuma ingemzuia kusoma, huhesabiwa katika mafakiri wanaostahiki zaka, ijapokuwa ana nguvu za kufanya kazi. Basi kumsaidia kijana asome ni jambo lenye mlango wake katika sharia, na kwa elimu nyingine zenye manufaa uko mlango wa sadaka na wa wakfu.

Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin alianza kutoa karatasi iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, lililoandikwa kwa Kiarabu na Kiswahili. Humo aliwasema wazazi bila ya kuwaogopa. Aliwalaumu kwa kumwaga mali katika harusi na matanga, na mali hiyo hiyo ikakosekana ilipotakiwa kwa kusomesha watoto. Aliwataka Waislamu wajenge skuli zao wenyewe, watoto wasome dini yao pamoja na elimu za dunia, wala mtoto wa kike asiachwe nyuma. Baadhi ya makala hizo zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi mwaka 1944.

Hakuishia katika kuandika. Alisomesha misikitini, na alianzisha Madrasa ya Ghazali huko Mombasa. Katika wanafunzi wake walikuwamo Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambao wote wawili walishika ukadhi mkuu wa Kenya baadaye. Yeye mwenyewe alikuwa Kadhi wa Mombasa tangu mwaka 1932, kisha Kadhi Mkuu tangu mwaka 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947.

Mauti yalipomfika, mwanawe Ali alikuwa na miaka 14 tu. Mambo yakarudi kama yalivyokuwa mwaka 1894. Kijana yule hakupata daraja ya kutosha katika mtihani wake, akaingia katika kazi ya ukarani hapo Mombasa. Wengi wangesema riziki yake imekwisha andikwa hapo. Lakini Gavana wa Kenya wa wakati ule alimsikia akihutubia katika sherehe ya Maulidi, akamwona anafaa, na mwaka 1955 kijana akapelekwa Uingereza kwa msaada wa masomo. Huyo ndiye Profesa Ali Mazrui, aliyesomesha Makerere na Marekani, akafariki mwaka 2014 na kuzikwa Mombasa katika makaburi ya Wamazrui.

Baba na mwana, wote wawili walifiwa na baba kabla ya kumaliza kusoma. Wa kwanza aliokolewa na jamaa yake, wa pili aliokolewa na mtu asiyekuwa wa dini yake wala wa mji wake. Hilo la pili ni la kushukuriwa, na pia ni la kuwapa haya Waislamu, kwa kuwa haki ya kijana huwa kwanza juu ya baba, kisha juu ya jamaa, kisha juu ya jamaa wa Kiislamu wote wa mji.

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi wa Oktoba 2017, vikafika Palma mwezi wa Machi 2021, vimeacha mayatima wengi na vimewakatisha vijana wengi masomo. Kila mmoja wao ana mjomba, au ami, au jirani. Mali ya karamu ya siku moja huweza kumtosha kijana kwa daftari, sare na nauli ya muda mrefu, na wazee wa kila msikiti wanawajua kwa majina vijana walioacha skuli.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Al-Amin, awarehemu waliomlea, na awape wazazi na walezi nguvu ya kutimiza amana. Amin.