Lena Richard: Kutoka jikoni kwa matajiri hadi kwenye TV, enzi za ubaguzi mkali Marekani

Oktoba 1949, kituo cha WDSU cha New Orleans, kusini mwa Marekani, kilikuwa hakijatimiza hata mwaka mmoja tangu kirushe matangazo yake ya kwanza ya TV. Mara mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, akaanza kuonekana mama mmoja mweusi wa makamo anapika na kuelekeza hatua kwa hatua. Sio kwamba alialikwa kuonyesha chakula kimoja halafu aondoke. Kipindi kilikuwa chake, na kilibeba jina lake.

Leo hilo ni jambo la kawaida kabisa. Wakati ule, mama huyohuyo akitoka studio na kupanda tramu ya mjini, alitakiwa akae kwenye viti vya watu weusi. Sheria ndiyo ilisema hivyo.

Anaitwa Lena Richard. Ndiye anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza mweusi Marekani kuongoza kipindi chake mwenyewe cha mapishi kwenye TV. Julia Child, ambaye wengi wanamjua kama mama wa mapishi ya TV nchini humo, alikuja kuanza kipindi chake mwaka 1963, yaani zaidi ya miaka 13 baadaye.

Alianza na miaka 14

Lena alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890 huko New Roads, mji mdogo wa jimbo la Louisiana, na akakulia New Orleans. Ni miaka hiyohiyo ambapo Louisiana ilikuwa inatunga sheria za kuwatenga weusi na weupe, kuanzia kwenye mabehewa ya treni. Kesi iliyopinga sheria hiyo ilitokea New Orleans, ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1896 mahakama ikabariki ubaguzi. Basi binti huyu alikua ndani ya mfumo uliokwisha kuamua mwisho wake uwe wapi.

Mama yake na shangazi yake walikuwa wafanyakazi wa ndani kwa familia ya Vairin, matajiri wa kizungu. Lena alipofika miaka 14 hivi akaanza kuwasaidia. Kwa lugha ya kwetu, alikuwa hausigeli.

Mwenye nyumba, Alice Vairin, akaona binti ana mkono wa kupika. Akampa siku moja kila wiki ajaribu vyakula anavyotaka jikoni humo, na baadaye akamfanya mpishi wa nyumba na kumwongeza mshahara. Kisha akamlipia masomo ya upishi, kwanza palepale mjini.

Mwaka 1918 akampeleka mbali zaidi, Boston, kwenye shule ya upishi iliyoanzishwa na Fannie Farmer, mwandishi aliyewafundisha Wamarekani kupima viungo kwa vikombe na vijiko badala ya kukisia. Kutoka New Orleans hadi Boston ni zaidi ya kilomita 2,000, na darasani humo mtu mweusi alikuwa mgeni.

Lakini kilichotokea Boston ndicho kilichomfungua macho. Alikwenda akidhani anakwenda kufundishwa. Kumbe kwenye supu, mchuzi, nyama na rosti za kwao kusini, yeye alikuwa amewaacha mbali. Baadaye alisimulia kwamba wanafunzi wenzake walikuwa wanamzunguka na kunakili mapishi yake. Hapo ndipo alipoelewa kuwa alichonacho kichwani ni mali.

Mali ambayo wengine walikuwa wanaichukua

Hili linahitaji maelezo kidogo. Chakula cha New Orleans kilikuwa maarufu Marekani nzima, na kwa sehemu kubwa kilipikwa na wanawake weusi. Sifa hazikwenda kwao. Mama wa kizungu aliandika kitabu, mpishi wake mweusi akabaki jikoni bila jina, au akatajwa tu kama mtu anayepika kwa kipaji cha kuzaliwa, kana kwamba hakuna akili wala kazi ndani yake.

Chukua gumbo, mchuzi mzito ambao ndio nembo ya mji huo. Unga unakaangwa kwenye mafuta taratibu mpaka unageuka kahawia, na ukizubaa dakika moja umeungua, unaanza upya. Kinafuata kitunguu, pilipili hoho, kamba au kaa au kuku, mara nyingi na bamia, kisha unaliwa na wali. Wataalamu wengi wa lugha wanasema hata jina lake limetoka kwenye lugha za Kibantu za Angola, ambako bamia huitwa kingombo. Chakula kilivuka bahari na watumwa.

Lena aliporudi New Orleans akaanza kuchukua tenda za kupika kwenye harusi na shughuli nyingine. Akafungua biashara moja baada ya nyingine, na mwaka 1937 akaanzisha shule ya upishi. Lengo lake lilikuwa wazi: vijana weusi wapate ujuzi unaoeleweka, na wakienda kuomba kazi wadai mshahara wa fundi badala ya kupewa chochote.

Mwaka 1939 akatoa kitabu. Binti yake Marie alikaa naye wakaandika mapishi zaidi ya 300, kila kimoja na vipimo vyake. Alikichapisha kwa hela yake mwenyewe, kikaitwa kwa jina lake. Waandishi wakubwa wa mambo ya chakula, James Beard na Clementine Paddleford, wakakiona na kumpigia debe. Mwaka 1940 kampuni ya Houghton Mifflin ikakichapa upya kwa nchi nzima, kwa jina la New Orleans Cook Book. Jina lake lilibaki kama mwandishi, lakini kwenye kichwa cha kitabu likatoka. Hata hivyo, katika enzi ambayo wapishi weusi hawakutajwa kabisa, kuwa mwandishi wa kitabu kama hicho halikuwa jambo dogo.

Kitabu kikamfungulia milango. Akaitwa kuongoza jiko la Bird and Bottle Inn huko Garrison, jimbo la New York. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akapika Travis House, mgahawa wa Williamsburg, Virginia. Kila akitoka huko anarudi kwao New Orleans kuanzisha kitu kingine. Vita vilipoisha akaingia kwenye biashara ya vyakula vilivyopikwa tayari na kugandishwa, vikasafirishwa kwa ndege kwenda majimbo mengine. Miaka ya 1940! Majokofu yenye friza majumbani yalikuwa bado ya kubahatisha.

Gumbo House na TV

Mwaka 1949 ndio mwaka aliofungua Gumbo House, mgahawa wa familia. Wateja walimwita Mama Lena. Weusi walikula pale, na wazungu pia walikuja kula, ingawa sheria za Louisiana hazikutaka watu wa rangi hizo mbili wawe pamoja mgahawani.

Mwaka huohuo ndipo WDSU walipompa kipindi. TV ilikuwa ghali, na wengi waliokuwa nayo walikuwa wazungu wenye uwezo. Kwa maneno mengine, wake wa matajiri, wale ambao enzi za ujana wake alikuwa akiwapikia na kuwaoshea vyombo, sasa walikaa sebuleni na kalamu kuandika anachosema. Akiwa hewani yeye ndiye mwalimu, na darasa ni mji mzima.

Kipindi kilidumu mwaka mmoja tu na kidogo. Novemba 27, 1950, Lena Richard alifariki ghafla, akiwa hajafikisha miaka 60.

Siku hizo vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja bila kuhifadhiwa, na hakuna mkanda wa kipindi chake unaojulikana kuwepo. Hili linauma, na ni sababu mojawapo ya jina lake kupotea kwa miongo mingi huku wengine wakiitwa waanzilishi. Nyaraka zake ziko kwenye kumbukumbu za Newcomb, Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans, na kitabu chake kimechapwa tena baada ya kifo chake.

Gumbo House haikufungwa alipofariki. Marie na mumewe waliendelea kuiendesha kwa miaka kadhaa, kwa mapishi yaleyale.