Fumo Liyongo, shujaa aliyewindwa kwa nguvu zake

Hapa Mji wa Kale, Mombasa, Liyongo hatukumsoma kwanza. Tulimsikia barazani na kwa mabibi zetu. Baadaye nikasoma utenzi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu, alioutunga mwaka 1913, nikakuta mengi ni yale yale. Edward Steere naye alikwisha kuichapa hadithi hii mwaka 1870. Kaburi lake huonyeshwa upande wa Kipini.

Alikaa Shaka. Alikuwa mtu wa miraba minne, mshairi, hodari wa mishale, na yasemekana silaha haikumwingia mwilini. Nguvu ni za Mola, humpa amtakaye. Lakini mfalme wa Pate, Daudi Mringwari, aliona kiti chake kimo hatarini. Wagala, ambao wazao wao leo twawaita Waorma, wao walizitamani nguvu hizo, wakaomba aoe kwao wapate mbegu yake. Akazaliwa mtoto wa kiume, sura na umbo la babake.

Njama zilikuwa nyingi. Walipatana kupanda mkoma kwa zamu ili yake ikifika wampige mishale akiwa juu. Yeye akayaangua makoma kwa mishale yake, asipande. Alipotiwa gerezani, mamake alimpelekea mkate wa wishwa. Walinzi wakaudharau, kumbe ndani mna tupa. Usiku ule likachezwa gungu, na katika kelele za ngoma akakata minyororo.

Basi wakamwendea mwanawe, wakamwahidi binti wa mfalme. Kijana akamwuliza babake ni kitu gani kiwezacho kumwua. Hapa mimi husita kila nisomapo. Liyongo alitambua kwamba kijana ametumwa, na bado akamwambia: ni sindano ya shaba, kitovuni. Wako wasemao ni majivuno. Mimi naona ni baba tu, hakuweza kumnyima mwanawe.

Akachomwa usingizini. Akaamka, akatwaa upinde, akaenda kupiga goti kisimani, mshale tayari. Siku kadhaa hapana aliyethubutu kuteka maji, na sisi wa mji wa visima twajua maana ya mtaa kukosa maji. Ikabidi mamake aje kumbembeleza. Hakujibu. Alipoanguka ndipo watu walipojua kuwa roho ilikwisha kutoka.

Mwanawe hakupata harusi wala cheo, na hakuishi siku nyingi.